Batri ya chumba cha kuzalia si ya televizioni



Umeme ukikatika usiku, wengi wetu tunasema tu "wameshakata", tunawasha taa ya simu, tunatafuta mshumaa, tunalala. Tumezoea. Delestaji imekuwa kama mvua, hakuna mutu anauliza tena imetoka wapi. Lakini kuko vyumba ambamo hatuwezi kuzoea, na chumba cha kuzalia cha kituo cha afya ni kimoja kati yao. Saa nane ya usiku, mtoto aliyezaliwa mbele ya miezi kutimia ako na bomba dogo la oksijeni puani. Umeme unakwenda. Mashine inatoa mlio, inanyamaza. Hapo hakuna kungoja kampuni ipange laini zake. Muganga ako na dakika chache tu.

Leo tunataka kuongea juu ya jambo hilo peke yake: namna gani mashine chache zenye kushika uhai zinaweza kuendelea na kazi wakati umeme haupo, na kwa nini kwetu haziendelei. Tunaandika kama vijana wenye diplome na wasio na kazi. Kati yetu kuko waliosoma umeme, waliosoma ufundi wa mashine, waliosoma afya ya umma. Tulipita katika vituo kadhaa vya mjini na vya pembeni, tukauliza, tukahesabu. Hatutataja kituo hata kimoja kwa jina, ju waliotufungulia mlango walifanya hivyo kwa imani, na ju yale tuliyoyakuta si aibu ya kituo kimoja.

Mbele ya yote, tuondoe neno moja njiani. Kila mara tukiuliza umeme, wakubwa wanatujibu Inga. Inga ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972, ya pili 1982. Zote mbili, kwa karatasi, zinafika megawati 1,775. Mto Kongo pale unaweza kutoa zaidi ya megawati 40,000: hiyo namba tumeisikia tangu shule ya msingi, mwalimu aliiandika ubaoni katika darasa lisilo na hata balbu moja. Laini za Inga hazifiki Kivu. Umeme wetu unatoka Ruzizi, kwa mtambo wa miaka ya 1950 na mwingine wa 1989, pamoja na mito kama ule wa Rutshuru pale Matebe, wenye kutoa megawati 13 na kidogo. Tena kuko gesi ya methani chini ya ziwa letu. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unaichoma tangu 2016 na kutoa megawati karibu 26. Upande wetu gesi hiyo bado inalala.

Hayo yote ni madai ya kweli na tutayarudia siku yake. Lakini mtoto wa saa nane ya usiku hahitaji megawati. Anahitaji wati 350.

Ndiyo, wati 350 hivi. Njo chakula cha mashine ya kawaida ya oksijeni, ile ya litre 5 kwa dakika, yenye kuvuta hewa ya chumba, kuichuja, na kumpa mgonjwa oksijeni. Pasi ya umeme ya nyumbani inakula mara tatu ya hiyo. Taa nne za LED za chumba cha kuzalia hazifiki wati 40. Mashine ya kunyonya makamasi na maji katika koo la mtoto inatumika dakika chache tu kwa usiku mzima. Ukijumlisha kila kitu ambacho, kikizima, mutu anaweza kufa, unapata mzigo mdogo sana. Tunauita mzigo wa uhai. Na shida yetu ni kwamba hakuna aliyeutenga.

Tuchukue mfano wa mbali kidogo, kisha tutarudi. Katika nchi za baridi, nyumba nyingi zinapata joto kwa mtambo wa gesi. Gesi inawaka, maji yanapata moto, yanazunguka katika mabomba ya chuma yaliyo ukutani. Mutu wa kwetu angefikiri kwamba umeme ukikatika nyumba itabaki na joto, ju gesi ingali inakuja. Sivyo. Pampu yenye kuzungusha maji inataka umeme. Feni yenye kutoa moshi inataka umeme. Hata kile kibao kidogo chenye kuchunga kama mwali unawaka kinataka umeme, na kikikosa kinafunga gesi, ju ya usalama. Kwa hiyo gesi iko, maji yako, na nyumba inaanza kupoa. Huko Ukraine, tangu Oktoba 2022 makombora yalipoanza kupiga mitambo ya umeme, familia nyingi zilijifunza hilo katikati ya barafu. Kuko waliohangaika kutafuta jenereta ya kuwasha nyumba nzima. Wengine walikaa wakahesabu: mtambo ule unakula wati mia moja, mia na hamsini. Wakanunua batri na konvertisa nzuri, wakaifunga kwa mtambo ule tu. Jiko la umeme halikuguswa na batri ile, televizioni vilevile. Usiku ukipita, batri ingali na nguvu.

Tunajua vita yao si yetu na baridi yao si yetu. Lakini hesabu ni ile ile, na haihitaji mtaalamu kutoka nje.

Sasa turudi kwetu. Katika vituo tulivyopita, batri si kitu cha ajabu. Kuko paneli za jua juu ya mabati, zawadi ya mradi fulani, na kibandiko cha mfadhili kinang'aa kuliko paneli zenyewe. Lakini tukifuata waya unaotoka kwa konvertisa (ile sanduku yenye kugeuza umeme wa batri kuwa umeme wa nyumba), tunakuta inagawanyika hivi: ofisi ya mkubwa, kompyuta, printa, televizioni ya mahali pa kungojea, ralonji yenye simu kumi na mbili, na mwisho kabisa chumba cha kuzalia. Mahali pamoja simu zile hazikuwa hata za wagonjwa. Zilikuwa za majirani, wanachaji kwa franga kidogo, na franga ile njo inayonunua sabuni ya kituo. Hatuwezi kuwacheka. Ila ikifika saa nne ya usiku batri imeshakwisha, na wamama wengi wanafika nyuma ya hapo.

Wauguzi wanafanya nini? Wanashika simu kwa meno, taa ikiangalia chini, na mikono yote miwili inampokea mtoto. Tumeona hilo kwa macho yetu. Wengi wao hawajalipwa mshahara wa serikali hata siku moja, wanaishi kwa kile wagonjwa wanacholipa. Mutu asije kutumia maandiko haya kuwaonea.

Tufanye hesabu pamoja, ju wakubwa wanapenda kusema "vijana munapiga kelele bila namba". Usiku wetu una saa 12, kutoka kumi na mbili ya jioni mpaka kumi na mbili ya asubuhi. Taa nne za wati 9 kwa saa 12 zinakula wati-saa 432. Mashine ya oksijeni ya wati 350, tuseme inatumika saa 6, ni wati-saa 2,100. Mashine ya kunyonya, wati 100 kwa robo saa, ni 25. Jumla tuko karibu 2,560. Konvertisa nayo inakula sehemu yake njiani, kwa hiyo tuhesabu 3,000. Batri moja ya asidi, volti 12 na ampea-saa 200, imeandikwa kwamba ina wati-saa 2,400, lakini ukitaka iishi miaka usiitumie zaidi ya nusu. Basi inakupa 1,200. Batri tatu zinatosha usiku mzima na kinabaki kidogo. Ukipata zile za litiamu, ambazo zinavumilia kutumiwa karibu zote, moja ya volti 24 na ampea-saa 200 inatosha peke yake. Kesho yake lazima paneli zirudishe kile kilichotumika, na Kivu ina majira ya mawingu, kwa hiyo mwenye kupima asipime kwa jua la Julai.

Sasa ongeza birika ya umeme ya wati 2,000 katika ofisi, dakika kumi na tano tu kwa siku kwa chai ya mkutano. Ni wati-saa 500. Ile ilikuwa oksijeni ya mtoto kwa karibu saa moja na nusu.

Hapo njo siasa yote ya jambo hili. Hatuna haja ya kumtafuta mwizi mkubwa katika kila kitu. Wakati mwingine ni birika.

Kuko na mambo ya ufundi ambayo yanaua mashine hata kama batri iko. La kwanza ni konvertisa yenyewe. Zile za bei ya chini sokoni zimeandikwa wati 1,000 kwa herufi kubwa, kumbe hiyo ni nguvu ya sekunde chache. Tena umeme unaotoka ndani yao si laini kama ule wa laini ya mji. Una ngazi-ngazi. Taa haijali, simu haijali sana, lakini mota ya mashine ya oksijeni ao ya frigo inapata moto, inalia, na siku moja inakufa. Muulize muuzaji kama konvertisa inatoa umeme wa mawimbi safi, wanaouita "sinus pur". Asipojua kujibu, mwende kwa mwingine. Mota vilevile inavuta mara kadhaa ya kiasi chake pale inapoanza, kwa hiyo konvertisa ya wati 400 kwa mashine ya wati 350 ni kujidanganya.

La pili ni umeme unaporudi. Watu wanafurahi, kartie nzima inapiga kelele, na mashine zinaungua. Kwetu umeme ukirudi unaweza kuja mdogo sana ama ukaruka juu kabla ya kutulia. Kitu cha kufanya hakina bei: umeme ukienda, mashine zote za laini ya mji zichomolewe, na ukirudi watu wangoje dakika kumi mbele ya kuchomeka tena. Ile ya oksijeni ibaki kwa batri mpaka hapo. Kituo kimoja kimeandika hilo kwa bic kwenye karatasi na kulibandika juu ya prizi. Karatasi ile inafanya kazi kuliko semina.

La tatu ni jenereta. Isiwekwe ndani, isiwekwe kwenye baraza chini ya dirisha la wagonjwa, hata kama mvua inanyesha, hata kama munaogopa wezi. Moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi inayoua watu wakiwa wamelala. Tena isichomekwe katika prizi ya ukuta ili iwashe nyumba kwa kurudi nyuma. Umeme ule unatoka mpaka kwenye laini ya barabara, na kijana anayepanda nguzo akijua kwamba imekatika anakufa juu yake. Kuko kifaa cha kugeuza kutoka laini ya mji kwenda jenereta, mafundi wetu wanakiita inversa. Kituo kisicho nacho kisiwashe.

Tuongee sasa juu ya joto, ju hapo watu wengi wa Kinshasa hawatuelewi. Wanafikiri baridi ni kitu cha Ulaya. Goma na Bukavu ziko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, Butembo imepanda zaidi ya hapo. Usiku wa mvua, mtoto mchanga wa kilo moja na nusu anapoteza joto haraka sana. Mwili wake unatakiwa kubaki kati ya digrii 36.5 na 37.5. Taa kubwa ya kumpasha joto inakula wati mia tano, mia sita, na inawaka saa nyingi mfululizo. Batri za kituo kidogo haziwezi kuibeba. Wengine wanaleta makala ndani ya chumba, na hapo tunarudi kwa moshi ule ule wa jenereta: makala inayowaka katika chumba kilichofungwa nayo inaua.

Lakini hapa kuko na jibu lisilotaka waya. Mwaka 1978, katika hospitali moja ya Bogotá huko Kolombia, waganga waliokuwa na watoto wengi kuliko vitanda vya joto walianza kuwaweka watoto wadogo juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa kitambaa, usiku na mchana. Wanaita njia ya kanguru. Tangu 2022, Shirika la Afya Duniani linashauri kuianza mara moja nyuma ya kuzaliwa kwa mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati ao mwenye uzito mdogo, bila kungoja kwanza "atulie". Mama akichoka, baba anaweza kufanya, shangazi anaweza, bibi anaweza. Mama zetu wanajua kubeba, kinachobadilika ni kwamba mtoto anabebwa mbele, bila nguo katikati, kofia kichwani. Katika kituo kimoja tulimkuta baba mmoja, motari wa kazi, amekaa kwenye kitanda na mtoto wake kifuani, jaketi ya kazi imewafunika wote wawili. Wababa wa kartie walikuwa wanapita dirishani kumwangalia. Alikuwa ametulia kabisa.

Kwa hiyo joto tunaweza kulitoa kwenye hesabu ya batri. Vilevile mfuko wa kumpumulisha mtoto kwa mkono, ule wa mpira, hautaki umeme. Uwe juu ya meza, si ndani ya kabati lililofungwa. Na mahali inapowezekana, chupa moja ya oksijeni ya chuma ikae karibu imejaa, ju ni kitu pekee kinachotoa oksijeni bila umeme hata kidogo wakati fundi anatafuta shida iko wapi.

Baridi ya chanjo ni mambo mengine. Chanjo nyingi za watoto zinataka kukaa kati ya digrii 2 na 8. Zamani vituo vyetu vilikuwa na frigo za petroli ao za gesi, mwali mdogo unawaka chini na baridi inatoka juu, watoto tulikuwa tunafikiri ni uchawi. Zilikuwa na shida zake: mwali unazima, petroli inakwisha, baridi inapanda na kushuka. Siku hizi kuko frigo za jua zisizo na batri kabisa. Mchana zinagandisha barafu ndani ya kuta zao, usiku barafu inachunga baridi, na zile zilizokubaliwa na Shirika la Afya Duniani lazima zivumilie siku tatu bila jua. Frigo hiyo haihitaji kushindana na chumba cha kuzalia juu ya batri moja. Mahali ilipo, shida iliyobaki ni watu: mlango unafunguliwa kila saa ju ndani mumewekwa maji ya kunywa. Na tuseme wazi, tulikuta karatasi ya kuandika digrii za frigo ambayo ilikuwa imejazwa mpaka Jumapili. Sisi tulipita siku ya Ijumaa.

Mutu asituambie kwamba kwetu haiwezekani. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini, ikaenda mpaka 25 Juni 2020, ikaua watu zaidi ya 2,200. Chanjo yake ilitaka baridi ya digrii 60 mpaka 80 chini ya sifuri. Beni, Mangina, Butembo, Katwa, katika barabara tunazozijua, na umeme tunaoujua. Baridi ile ilichungwa. Walileta majokofu makubwa yenye jenereta, na vyombo vya kubeba vinavyoshika baridi siku kadhaa bila umeme wowote, na vijana wa hapa njo waliokuwa wanavibeba kwa moto. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Nyuma ya hapo magari yaliondoka, na vijana wale wako kati yetu, bila kazi, wakijua kuchunga digrii 80 chini ya sifuri katika mji ambamo soda ya baridi ni bahati.

Tulikumbushwa tena Januari 2025. Vita ilipofika Goma, umeme ulikatika, pampu za maji zikasimama, watu wakarudi kuchota ziwani. Siku zile Msalaba Mwekundu wa kimataifa ulitoa mwito juu ya labo ya INRB iliyo mjini, ambamo kulikuwa na sampuli za magonjwa makali, Ebola ikiwemo, zisije zikaachwa bila umeme. Dunia nzima ilisikia juu ya frigo moja ya Goma. Wamama waliozaa katika giza siku zile hawakuandikwa mahali popote.

Katiba yetu, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji safi na umeme inalindwa. Kifungu cha 47 kinaongea juu ya haki ya afya. Tena Septemba 2023 serikali ilianza Kinshasa mpango wa kuzaa bila kulipa, ukaendelea katika provensi nyingine. Tunaukubali. Lakini kuzaa bure gizani, na oksijeni iliyozima, hakumtoshi mama yeyote.

Tunachoomba ni kidogo na kinapimika. Zone za afya zitoe agizo kwamba katika kila kituo chenye kuzalisha kuwe na waya mmoja wa pekee, kutoka batri mpaka chumba cha kuzalia, prizi zake zipakwe rangi nyekundu, na hakuna kitu kingine kinachochomekwa pale. Ofisi ikitaka umeme wake, inunue batri yake. Simu za majirani nazo zipate batri yake, na mapato yake yaandikwe yanunue maji ya batri. Waganga wakubwa watoe hesabu ya mzigo wa uhai ya kila kituo, ukurasa mmoja, ibandikwe mlangoni ili kila mutu aisome. Wafadhili wanaoleta paneli waache franga ya kubadilisha batri nyuma ya miaka mitatu minne, ao wasituletee kibandiko. Na ufunguo wa chumba cha batri ubaki kituoni usiku. Hilo tumelirudia kila mahali, ju katika vituo viwili ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mutu aliyelala nyumbani kwake, mbali na hapo, simu imezimwa.

Halafu kuko suala la kazi, na hatutaona haya kulisema. Mji huu umejaa vijana waliosoma umeme miaka mitatu, mitano, ambao leo wanauza yunite na kuendesha moto za watu. Fundi mmoja anaweza kuzunguka vituo vinane ao kumi kwa mwezi: kusafisha paneli vumbi, kupima volti za batri, kuongeza maji, kukaza nyaya, kuosha kichujio cha mashine ya oksijeni ambacho kikiziba mashine inaendelea kulia na haitoi tena oksijeni ya kutosha. Mshahara wake kwa mwaka ni mdogo kuliko mashine mbili tatu zinazoungua bila sababu. Hatuombi sadaka ya "kuwasaidia vijana". Tunaomba kazi ambayo iko pale, inafanywa na hakuna mutu.

Kuanzia wiki ijayo tutarudi katika vituo vile vile. Safari hii tutakwenda saa mbili ya usiku, kwa ruhusa ya waganga, watatu watatu, bila kupiga picha ya mgonjwa yeyote. Mlangoni tutauliza mambo mawili: umeme ukikatika sasa hivi, mashine ya oksijeni inachomekwa wapi, na nani ako na ufunguo? Majibu tutayaandika hapa, kituo kwa kituo, kwa namba na si kwa jina, na kila mwisho wa mwezi tutapeleka nakala kwa ofisi ya zone. Wenye kuwa na multimetre nyumbani, mulete. Wenye kujua kusoma mchoro wa umeme, hata kama diplome yenu imekaa miaka katika sanduku, tunawahitaji zaidi. Wamama waliozaa usiku wa delestaji na wanaokubali kutueleza, tunawasikiliza, na majina yenu hatutayaandika.